Umri wa Chepchirchir

Watu wananiambia Hitesh hakukusudia. Najua hakukusudia! Hata mimi sikukusudia, na bado Chepchirchir, bibi tuliyemwita gogo kwa Kikalenjin, yuko chini ya udongo wa Molo.

Alikuwa mjane aliyeuza maziwa miaka arobaini na kumsomesha binti yake Linah kwa maziwa hayohayo. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yao ilichomwa, wakapotezana njiani. Linah alijikuta kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Mama aliokotwa na lori la viazi, akateremshwa Molo, kwenye uwanja wa kanisa letu uliogeuzwa kambi. Mimi Jepchumba, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, ndiye niliyekuwa nikiandikisha waliofika, kwa kompyuta ya msaada.

"Umri, gogo?"

"Nilizaliwa mwaka wa nzige."

"Nzige gani? Si walikuja mara nyingi?"

"Wale waliokula mpaka nyasi za paa. Kwani wewe ulisomea nini, msichana?"

Wenzangu wa kambi zingine walikuwa wanakisia tu: sabini, themanini, mwingine aje. Mimi nikajiona mwaminifu. Nisichokijua siandiki. Nikaacha kisanduku cha umri kitupu.

Hitesh ni wa ile familia yenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru mjini. Alijitolea kuunda programu ya kutuma majina yetu Nairobi kila jioni, ili kompyuta ya huko ilinganishe waliopotea na wanaotafutwa. Nilimpigia simu kumuuliza kuhusu nafasi niliyoacha.

"Acha tu hivyo, mwalimu. Hakuna shida."

Shida ilikuwepo. Kompyuta ya Nairobi ilidai namba, na jina lisilo na umri ililirudisha. Majina mia mbili yakakwama. Hitesh, kwa haraka ya kusaidia, akaiamuru programu yake ijaze sifuri kila palipoachwa wazi. Yote yakapita. Alifurahi, akanitumia ujumbe wa kunipongeza.

Kila Jumanne Linah alifika kwenye dawati la waliopotea la Nakuru kumtafuta mama wa karibu miaka themanini. Akina Chepchirchir ni wengi, kwa hivyo karani alichuja kwa umri. Kila Jumanne jibu lilikuwa hayupo. Waliokisiwa umri walikuwa wanapata watu wao. Huku kwetu gogo aliniuliza kila asubuhi, "Wameniita?" Nami nikamwambia avumilie. Eti avumilie! Kwa baridi ya Molo, hema limelowa, kifua kimeanza kukoroma.

Mwisho wa Februari likaja furushi lenye jina lake. Nepi, maziwa ya unga na blanketi la mtoto mchanga. Karatasi ya juu ilisema: Chepchirchir, umri sifuri. Gogo alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka ikabidi nimshike. Blanketi lilimfunika magoti tu.

Nilimpigia Hitesh nikamfokea palepale barabarani, watu wakinitazama. "Sifuri ni umri, Hitesh! Sifuri ni mtoto aliyezaliwa jana! Mimi nilisema sijui!"

Akasema polepole, "Nilidhani ni kitu kimoja."

Aliongea na wa Nairobi, wakakubali kupokea nafasi iliyo wazi ikiwa wazi, na jina la namna hiyo lionekane kwa umri wowote unaotafutwa, naye akaondoa zile sifuri. Kazi ya robo saa. Wiki sita gogo alilala kwenye hema kwa kukosa robo saa ya mtu!

Linah alipigiwa simu Alhamisi. Gogo alikuwa amekufa Jumatano.

Hitesh alikuja mazishini na msalaba uliotengenezwa kwa mbao za duka la baba yake. Jina alikuwa ameshaliandika kwa rangi nyeupe. Akauliza, macho chini, aandike mwaka gani wa kuzaliwa. Nikafungua mdomo, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu za nzige, na nilikuwa na mwaka tayari. Linah akanikatiza kabla sijautaja.

"Hapo paacheni wazi," alisema. "Na safari hii msijaze."