Feria ya Mwenye Kinyaa

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijaanza jana. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nikiwa mchanga nilikataa ziwa lake siku aliyokula papa mkavu, na mpaka anakufa sikujua kama ilikuwa kweli au alikuwa ananicheka. Masalo ya mtu sili. Marehemu mume wangu nilimpenda, lakini kikombe alichokinywea sikukinywea mpaka kioshwe kwa majivu. Kwenye shughuli, wanawake wanapozunguka sinia moja na vidole vinagongana ndani ya mchuzi, mimi nasingizia tumbo, narudi nyumbani kula peke yangu. Nimeambiwa najidai, nimeambiwa najiona Mwarabu. Hata uji uliobaki kwenye bakuli za wanangu niliumwaga, na hapa kijijini Olumbi mwanamke anayemwaga uji wa mwanawe husemwa mpaka kisimani.

Sasa mtu wa namna hiyo akaletewa watoto wawili kwa feria nzima, ndiyo likizo ya shule, Disemba na Januari, joto limepamba moto, maembe yanaanguka na inzi wamepata neema.

Ni wajukuu zangu, watoto wa binti yangu. Tulipokimbia vita, mimi na yeye tulifika pamoja Pemba, ule mji wa huku kwetu Msumbiji. Hali ilipotulia mimi nikarudi kwenye nyumba yangu, yeye akabaki kule na mumewe, ambaye ni Mmakua. Mtoto wao mkubwa, wa kiume, alikuwa na miaka kumi. Mdogo, wa kike, alikuwa na minne, amezaliwa kule kule, na mimi nilimwacha bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo nilikuwa namwona kwenye simu tu. Ana sura ya mama yangu. Paji lile lile, na midomo ile ile iliyobinuka mithili ya mtu aliyedanganywa.

"Mama," binti yangu aliniambia kwenye simu, "mkubwa hana neno, yeye popote anakaa. Mdogo ndiye simjui. Akikuzoea, kila feria nitawaleta. Akiwa mtu wa kulia tu, simleti tena. Njia yenyewe unaijua."

Niliijua. Kwa hiyo nilijua pia kwamba nina feria moja tu ya kumpata yule mtoto, na nilimtaka kuliko nilivyopata kutaka kitu uzeeni.

Waliletwa na shemeji mmoja wa binti yangu aliyekuwa anapanda kuja Palma. Walishuka garini nikasikia harufu kabla sijawaona sawasawa. Mdogo alikuwa ametapika pale njia panda ya Awasse, ndani ya mfuko wa mikate, na kaka yake akaendelea kula mikate ya upande wa pili. Alinieleza mwenyewe, kwa fahari. Mtoto wa kike alikuwa na matapishi yaliyokaukia shingoni, na makamasi yamechora njia mbili mpaka mdomoni, na mdomo hauyakatai. Nilinyoosha mikono kumpokea, mikono ikarudi yenyewe. Naye alinitazama kwa ile midomo ya mama yangu, akaficha uso kwenye paja la kaka yake.

Ukipenda boga upende na ua lake, nilijiambia, nikachota maji.

Kuwaogesha ilikuwa kazi ya saa moja. Kuwaweka wasichoke ilikuwa kazi ya miezi miwili, na hiyo hakuna aliyenifundisha. Siku ya pili simu ya mkubwa ilizima. Jirani yangu ana kioo cha jua cha kuchajia simu, lakini siku hizo mawingu yalikuwa mazito. Akanijia na uso mrefu, akaniita bibi kwa Kireno chao: "Vovo, hapa watu wanafanya nini?"

Nikawaletea michezo yangu, michezo safi. Nilitandika mkeka nikawafundisha kusuka ukili. Mkubwa alisuka kipande kama kidole akakifunga kwenye mkia wa paka. Nikaketi jioni nikasema, "Kitendawili!" Wakanitazama. Nikarudia, "Kitendawili!" Mkubwa akajibu kwa heshima, "Sim, vovo?" yaani ndiyo, bibi? Nyumbani kwao wanasema Kireno na Kimakua, Kiswahili wanakisikia mama yao anapogombana na simu. Mimi Kimakua nakisikia, Kireno najua cha salamu tu. Niliwafundisha kusema "tega", lakini nilipotega, jibu hawakulijali. Mdogo alikuwa anachimba pua, na alichokipata huko alikitazama, akakitia mdomoni.

Niliinuka nikaenda kusimama nje.

Walipogundua kwamba sina la kuwafaa, walijitafutia wenyewe, na ndipo nyumba yangu ilipochafuka. Mkubwa alikusanya funza wa kwenye maembe, akawaweka ndani ya kiberiti, akawapa majina ya wachezaji wa mpira. Mdogo alipenda wale kaa wadogo wanaohamia maganda ya kome. Aliwaleta kwa upindo wa gauni lake, akawaachia mtungini. Nikanywa kata ya maji, kitu kikanikwaruza mdomo. Mpaka leo nikinywa maji nachungulia kwanza. Kisha vichwa vya samaki: aliona wanawake wanavitupa pwani, akavihurumia, akavileta viwili nyumbani akavifunika kwa kanga yangu ya kwendea msikitini, ili vilale.

Nilivumilia kwa sababu moja tu. Mtoto alikuwa ananiita.

Ilianza siku ya tatu au ya nne. Nilikuwa nimekaa barazani na ugoro wangu mdomoni, naye amesimama mbali kidogo ananitazama. Akaninyooshea kidole akasema, "Nojo, vovo." Kidogo kidogo, kwa sauti yake nyembamba. Moyo ulinilipuka. Ametaka kusema njoo! Kiswahili chake kibovu, kimegeuka mdomoni, lakini ameniita. Nikainuka na magoti yangu mabovu nikamwendea, nikamwinamia, nikamwekea uso wangu karibu na wake. Akarudi nyuma, akasema tena, "Nojo! Nojo!" Nikasogea tena. Akakimbia. Nikadhani ni mchezo, ananiita nimfukuze, nami mzee mzima nikamfukuza uani nikicheka.

Ikawa kila siku. Nikitoka jikoni, "Nojo, vovo." Nikaenda. Nikikaa barazani, "Nojo!" Nikaenda. Nilimwambia jirani yangu, mwanamke ambaye nimejuana naye tangu utoto na ambaye kazi yake kubwa ni kunitania, "Huyu mtoto hataki niwe mbali naye. Siku nzima njoo, njoo."

"Alhamdulillahi," akasema. "Na kinyaa chako umekipeleka wapi?"

"Nimekimeza," nikamwambia, nami nikaona nimesema neno la maana.

Kisha akaja bunju. Kwa wasiomjua, bunju ni samaki anayevimba akichokozwa, ana sumu na haliwi. Watoto wa kwetu wakimwokota amevimba humkausha juani wakamfanya mpira. Huyu wa wajukuu zangu hakukauka. Juu alikuwa mgumu, chini bado anachuruzika, na akipigwa teke alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika na harufu ambayo siwezi kuisahau. Watoto wa mtaa mzima walikuwa uani kwangu. Nilikuwa naepua wali wa nazi. Mkubwa akapiga shuti, bunju akapaa, akagonga ukuta wa jiko, akatua chunguni. Akakaa pale juu ya wali, macho yamenikodolea.

Wali ulikwenda shimoni pamoja na chungu. Chungu changu cha miaka na miaka. Nikampigia binti yangu simu, nikamweleza yote, funza, kaa, vichwa, bunju, nilikuwa napiga kelele. Nilipomaliza nikaona nimemtisha, atasema basi niwarudishie. Nikalainisha. "Lakini mdogo amenizoea," nikamwambia. "Ananiita siku nzima."

"Anakuitaje, mama?"

"Hajui kutamka vizuri. Anasema nojo, nojo."

Nikamsikia anafunga mlango kwanza.

"Mama," akasema, na nikasikia anachagua maneno, "hiyo si njoo. Hicho ni Kireno."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kinyaa, mama. Mtu akiona kitu kichafu ndivyo anavyosema."

Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata. Mimi! Mtoto aliyefunika vichwa vya samaki kwa kanga na kula makamasi yake, ndiye aliyeniona mimi mchafu. Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilimkasirikia mtoto wa miaka minne nikataka kumjibu. Nikamwita kaka yake: "Niambie wewe. Dada yako ananionea kinyaa gani?"

Alikuwa bado na hofu ya chungu, akajibu upesi. Akanyoosha kidole miguuni pangu. Pale palikuwa na kopo langu la maziwa, ninalotemea ugoro.

Nimebwia ugoro tangu mwanangu wa kwanza. Kopo lile huwa pembeni yangu, nalitemea bila kulitazama. Siku ile nikalitazama. Lilikuwa limejaa nusu, jeusi, lina utando juu, na inzi mmoja anaogelea ndani. Kisha nikakumbuka kila nilipoitwa nojo nilikuwaje: barazani au mlangoni pa jiko, na mdomo umejaa ugoro, na nikimwinamia mtoto na kucheka naye uso kwa uso. Nyani haoni kundule. Methali hiyo nimewatupia wengi sana mtaani kwetu, na jirani yangu alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini mchangani, akaomba nimsamehe, akacheka tena.

Kopo nililitupa. Ugoro sikuuacha, nilikuwa nakwenda kubwia nyuma ya choo mfano wa kijana anayeficha sigara, na kabla ya kurudi nasukutua.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda pwani, maji yametoka, na kwenye matope palikuwa na pweza aliyekufa siku nyingi, amegeuka rangi. Nilikuwa bado na hasira. Nikamnyooshea pweza kidole, nikamgeukia yule mtoto, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Nojo!"

Alishtuka. Akanitazama, akamtazama pweza. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia kwake hata mara moja. Akakimbia akatafuta, akarudi na kitambaa kilichooza: "Nojo?" Nikaziba pua, nikageuza macho, nikatoa sauti ya kutapika. Wala sikuigiza. Akaanguka chini kwa kucheka.

Hivyo ndivyo feria ilivyopita. Mimi, ambaye sikuweza kuwachezesha kwa ukili wala vitendawili, niligundua kuwa nina kitu kimoja watoto wanachokipenda, nacho ni kinyaa changu. Watoto wa mtaa waliniletea panya waliokauka, magome yenye mabuu, ndevu za mbuzi zenye kupe, wakashindana nani atanifanya nikimbie. Waliniita Bibi Nojo. Msidhani nilizoea. Sikuzoea hata kidogo, usiku nilikuwa nikifumba macho naviona vyote, kimoja kimoja. Lakini asubuhi nikiona wamekaa kimya na nyuso ndefu, nachukua fimbo yangu nasema twende tukatafute uchafu.

Hata hivyo yule mdogo hakunikalia mapajani, na mkono wangu hakuushika. Alicheka nami kwa umbali wa hatua mbili, umbali ule ule wa siku za kopo. Mwisho wa Januari binti yangu alikuja kuwachukua. Usiku akaniuliza, "Vipi, mama, amekuzoea?" Nikamwambia sijui, na nilikuwa sijui.

Gari lilisimama barabarani, wakapanda. Mdogo alikaa dirishani na embe mkononi, dodo lililoiva mpaka linavuja, usoni, shingoni, kwenye gauni jipya. Mimi na jirani yangu tulisimama chini. Dereva aliwasha gari. Mtoto alinitazama, akaacha kutafuna.

"Bibi," akasema. "Njoo."

Binti yangu aligeuka, naye alilisikia. Si vovo, si nojo. Nikasogea mpaka dirishani, nikainua uso nikidhani nitabusiwa. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa pande la embe alilokuwa analitafuna, lenye nyuzi na mate, akanitia mimi mdomoni, akanifunga midomo kwa kiganja chake.

Gari likaondoka. Binti yangu alikuwa ametoa kichwa nje, ananitazama, ameziba mdomo kwa mkono. Ananijua. "Feria ijayo, mama!" akapiga kelele, na sijui kama alikuwa anacheka au analia. Nilipunga mkono mpaka likapinda kona.

"Haya, tema sasa," jirani yangu akaniambia. "Hawakuoni."

Nikatikisa kichwa. Lilikuwa la moto, na makamasi nayo yalikuwemo. Nikalitafuna taratibu, nikalimeza.