Usiseme Umefahamu

Rukia mdogo wangu, ilianza Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, na hata sasa nikiikumbuka nachemka. Nakuandikia kwa sababu shule zikifunguliwa mimi narudi bweni, na wa kumtazama Nyanya utabaki wewe.

Unajua daktari alimtoa Nyanya kwenye vidonge akamwandikia insulini, aanze kesho yake asubuhi kabla ya kula. Namna ya kujidunga, akasema, tutaonyeshwa na duka lolote la dawa linalotoa huduma za kisukari. Lolote, kama kwamba yote ni mamoja. Basi pale Makadara lipo moja limetundika bango pana kuliko mlango wake: Huduma Kamili za Kisukari. Tukaingia.

Huduma yenyewe ilikuwa kijana mmoja aliyevaa koti jeupe, simu sikioni. Kibali cha kuuza dawa ukutani sikukiona, labda kilikuwa nyuma ya kalenda. Insulini akaitoa kwenye friji la soda. Si utani. Mteja aliyetutangulia alikuwa ametoka kununua soda humo humo, akaitikisa na kulalamika kuwa imeganda barafu. Nikamtazama Nyanya, Nyanya akanitazama, kisha akalipa.

Kisha yule kijana, mbele ya wanaume waliokuwa wakisubiri zamu, akamwambia Nyanya, "Mamangu, hii inadungwa tumboni. Hebu fungua hapo kidogo nikuonyeshe."

Fungua. Mwanamke wa mtaa wetu wa Kibokoni, wa umri ule, afungue tumbo kwenye kaunta. Nyanya akalivuta buibui lake likamfunika mpaka vidole, akasema kwa adabu zake zote, "Nimefahamu, baba. Ahsante."

Hakuwa amefahamu hata neno moja. Na mimi, na haya zangu hizi, nikasimama kama niliyegandishwa pamoja na zile soda.

Nyumbani nikalipuka. Unanijua mimi si msemaji, lakini siku ile niliyamwaga yote: lile bango, lile friji, na yeye Nyanya mwenyewe na hizo ahsante zake. Nilidhani nitakaripiwa. Badala yake akaniambia niketi.

Akanihadithia kuwa alipokuwa msichana, hajanifikia mimi kwa umri, mamake alirudi hospitali na chupa mbili ndogo zinazofanana, moja ya macho na moja ya sikio. Aliyempa alimweleza mbio mbio, mamake akainamisha uso akasema amefahamu. Nyanya alikuwa pale pale ubavuni. Aliona kuwa mamake hakufahamu, naye akanyamaza, kwa sababu mtoto hakutakiwa kusema mbele ya wakubwa. Ya sikio ikatiwa jichoni. Jicho lile halikuona tena, na Nyanya ndiye aliyemshika mamake mkono kwenye vichochoro vya Kibokoni mpaka siku alipoolewa.

"Na leo nimeitikia vile vile," akasema. "Na uzee wangu wote huu."

"Sasa ulinyamaza kwa nini?"

"Na wewe je?"

Tukacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la hasira.

"Mwanangu," akaniambia, "kumstahi mtu ni vizuri, lakini dawa haimstahi mtu. Itaingia pale pale ulipoitia. Usiseme umefahamu mpaka umefanya kwa mkono wako na yeye anakutazama. Na mahali ambapo huna nafasi ya kuuliza wala sitara ya kuonyeshwa, wacha waandike watakacho mlangoni. Hao hawajafika kutuuguza sisi wa sukari." Kisha akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akupe ulimi wa kuuliza wenzio wanapoinama, akukutanishe na watu wasiochoka kujibu." Dua hiyo nakupa na wewe, Rukia.

Ijumaa asubuhi ile insulini ya friji la soda haikuguswa. Nilimwacha Nyanya akinisubiri, chai yake imefunikwa, nikaenda peke yangu duka jingine la dawa, upande wa hospitali. Niliuliza yote. Kibali cha mwaka huu kiko wapi? Friji la dawa lina kipimajoto? Kuna chumba chenye pazia, na mwanamke wa kumwonyesha Nyanya? Tukikwama nyumbani, tumpigie nani?

Mfamasia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani. Hakukasirika. Akaninyooshea kidole kibali, akanifungulia friji nikasoma kipimajoto mwenyewe. Insulini ikishaganda, akasema, haifai hata ikiyeyuka, kwa hiyo ile ya jana tusiitumie kabisa. Akanipitisha nyuma ya pazia, akachukua sindano ya insulini ya kujifunzia, ile yenye umbo la kalamu, na mto mdogo laini wa kujaribia kudunga, akanionyesha hatua zote taratibu.

"Umefahamu?" akaniuliza.

"Bado," nikasema. "Nipe nijaribu mbele yako, kisha nikamlete Nyanya ajaribu na yeye."