Sufuria ya Walimu

Kwa miaka kumi na tisa niliyokuwa mke wa mdogo wake, sikuwahi kumsikia wifi yangu akiomba radhi. Akikukanyaga atakuuliza mguu wako ulikuwa unatafuta nini pale. Ndiyo maana jikoni wanamwita Kamanda, na jina hilo analipenda, ingawa hujifanya halisikii.

Ni mpishi mkuu wa chuo cha ualimu kilichoko chini ya kilima. Wanachuo mia tatu na hamsini, walimu ishirini na sita, wapishi sita, sufuria kubwa tatu: mbili za wanachuo na moja, ndogo kidogo, ya walimu. Aliingia jiko lile akiwa msichana wa kuosha vyombo, akakabidhiwa mwiko mkuu miaka ishirini na miwili iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumfundisha kupika. Mimi ni msaidizi wake. Mume wangu, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye anayeleta kuni. Kwa hiyo mtu akilisema vibaya jiko lile ameisema familia yetu nzima, na sisi si watu wa kunyamaza.

Kilichompa sifa ni maharage. Waliomaliza chuo wakirudi kuchukua vyeti vyao hupitia jikoni kwanza, kuuliza kama yamebaki. Namna yake ya kuyapika haikuwa siri. Nyanya na vitunguu viliingia sufuriani pamoja na maharage, maji yakiwa bado baridi, kisha kifuniko, kisha gunia lililoloweshwa juu ya kifuniko. "Nyanya ikiingia mwisho inakuwa mgeni," alikuwa akisema. "Mimi nataka ikae humo tangu mwanzo, izoeane na wenyeji." Yalichemka kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi karibu saa sita mchana, na mchuzi wake ulikuwa mzito, wa kumfanya mtu mzima alambe vidole mbele ya wakwe. Kwa kazi hiyo tulichoma mikokoteni mitatu ya kuni kila siku.

Kuni zilitoka kilimani, kwenye kijisitu kilicho juu ya chemchemi. Bomba la chuo linaanzia kwenye chemchemi hiyo hiyo. Mwanzoni mume wangu alikuwa akiokota matawi makavu. Yakaisha. Akahamia kwenye miti iliyokufa imesimama. Nayo ikaisha. Baada ya hapo hatukumuuliza tena anakata nini. Mkokoteni ulifika, tukapakua, tukawasha, na mimi nilikuwa wa kwanza kutouliza, kwa kuwa nilikuwa nalala naye nyumba moja na jibu nilikuwa nalo.

Mwaka huu bomba likaanza vituko. Linatema hewa, linatoa maji kikombe kimoja, linatema hewa tena. Wanachuo wakawa wanaoga kwa zamu, mabweni yakaanza kunuka. Siku ya Jumatano mkuu wa chuo akaingia jikoni. Ni mtu mwembamba, mpole, hapandishi sauti hata akiwa amekasirika, na hilo ndilo linalotutia hofu.

"Mama," alimwambia wifi, "chakula chako nakipenda, hilo unalijua. Lakini jana nilipanda juu kwenye chemchemi. Nimeona visiki. Kuanzia Ijumaa, jiko litatumia mkokoteni mmoja kwa siku."

"Mkuu, mmoja hauivishi hata sufuria ya walimu."

"Saa saba mchana Ijumaa tutajua. Chakula kikiwa tayari, jiko linaendelea. Kisipokuwa tayari, kuanzia Jumatatu kuna kampuni itakayotuletea chakula kwa lori, kimefungwa kwenye vijaluba vya plastiki."

"Na sisi?"

Mkuu alitutazama mmoja mmoja, wote sita. "Nitamwandikia kila mmoja barua nzuri," akasema.

Alipotoka, wifi alisugua meza ile ile kwa muda mrefu, ilhali ilikuwa safi. Ana miaka hamsini na minane. Barua nzuri angeipeleka wapi?

Ijumaa tulifika kabla ya jua. Mume wangu alileta mkokoteni wake mmoja, akazipanga kuni ukutani. Wifi alizigawa mafungu matatu kwa mkono wake, akiupima kila mti kama anayemnunulia mtoto viatu. Maharage yalikwisha chaguliwa na kuoshwa. Hapo ndipo tulipoletewa habari kwamba mama anayetuuzia nyanya amepinduka na baiskeli barabarani. Yeye mzima, lakini matenga yote mawili yamesagika.

Wifi aliyatazama maharage yaliyooshwa. "Leo," akasema. "Kati ya siku zote, leo."

Tulikuwa na beseni moja la nyanya zilizobaki jana. Zingetosha sufuria moja, na hata hiyo kwa kubana. Mpishi mmoja akapendekeza tuzigawe kidogo kidogo kote. Wifi alimkata jicho.

"Zote ziingie ya walimu. Mkuu atakula humo. Wanachuo wakikosa ladha watanung'unika, wataniita majina, yatapita. Mkuu akikosa ladha ataita lori."

Tukafanya hivyo. Maharage ya gunia moja, maji ya pipa moja, mafiga ya aina moja. Sufuria mbili bila nyanya, moja na nyanya zake. Saa kumi na mbili na nusu moto ukawaka chini ya zote tatu, na kuanzia hapo hakuna aliyefanya mzaha. Kila aliyetia kuni alitazamwa na wenzake watano. Mmoja wetu alichochea zaidi ya kiasi, akanyang'anywa mti mkononi na kupewa kabichi akate.

Saa tatu na nusu nilifunua sufuria ya kwanza ya wanachuo, nia yangu ikiwa kuongeza maji tu. Mvuke ulinijia usoni na harufu yake haikuwa ya saa tatu. Nikachota machache, nikabonyeza moja kwa vidole. Likasagika.

"Wifi, haya yameiva."

"Saa hizi? Unaota."

"Njoo ubonyeze mwenyewe."

Akaja, akazamisha mwiko hadi chini kabisa maana ya juu hayaaminiki, akachota, akabonyeza. Yakasagika. Akaenda sufuria ya pili. Vile vile. Uso wake haukuonyesha furaha hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango wazi. Akafunua ya walimu, akatafuna moja, na sote tulisikia lilivyolia menoni.

"Ondoeni moto chini ya hizo mbili," akasema. "Kuni zote zihamie hapa."

Tukahamisha. Saa nne na nusu, magumu. Saa tano na nusu, magumu. Fungu la tatu lilikwisha kitambo, la pili likafuata, tukaanza kula la kwanza. Walimu ishirini na sita na mkuu wao, na kila nilipofunua niliona maharage mazuri, mekundu, yamemetameta kwenye mchuzi mzito, magumu kama yametoka dukani. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na laiti ningekuwa mwingine ningesema. Lakini kumwambia Kamanda kwamba nyanya zake ndizo tatizo, mbele ya wapishi wanne, saa moja na nusu kabla ya mkuu kuingia, kulihitaji kifua ambacho mimi sikuzaliwa nacho.

Nikasogea karibu, nikasema kwa sauti ya chini. "Wifi. Zile nyingine hazina nyanya."

"Funika sufuria."

"Wifi—"

"Nimesema funika."

Nikafunika. Akasimama na mwiko wake, akaitazama sufuria ya walimu, akazitazama zile mbili zilizopoa. Kisha akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia. Sijapata kumwona wifi yangu ameketi jikoni. Wale wengine waliacha visu.

"Gunia ni moja?" akaniuliza.

"Moja."

"Maji ya pipa moja?"

"Moja, wifi."

"Nyumbani kwako nyanya unatia saa ngapi?"

"Mwisho. Yakishaiva."

"Yanaiva upesi?"

"Yanaiva. Nilidhani ni kwa sababu ya udogo wa sufuria."

Hiyo ndiyo kweli. Miaka yote nilikuwa nikiona sufuria yangu inaiva kwa kuni chache, na kila asubuhi nakuja kuchoma mikokoteni mitatu, wala sikuziweka habari hizo mbili pamoja. Nyumbani ni nyumbani na chuoni ni chuoni.

"Na hukuniambia," akasema.

"Ungenisikia?"

Ule uchachu wa nyanya ulikuwa umeyakaza maharage kwa miaka ishirini na miwili, na yeye ndiye aliyekuwa akiutia, kwa mapenzi, kila alfajiri. Aliinuka. "Kaangeni vitunguu kwenye makaa," akasema. "Tunawapakulia walimu kutoka ya wanachuo. Na kuni zilizobaki zisiguswe."

Saa saba kasoro dakika tano foleni ilikuwa imefika mlangoni. Wali na kabichi vilivyoivia kwenye makaa hayo hayo, maharage yenye vitunguu vya kukaanga. Wanachuo walinusa, wakaulizana nani kapika leo, lakini walikula. Mkuu alikuja saa saba kamili na sahani yake. Akala akiwa amesimama, akitazama ukutani, pale zilipobaki kuni kumi na moja.

"Zimebaki," akasema.

"Zimebaki, mkuu," nikajibu mimi.

Nilihisi wapishi wenzangu wakishusha pumzi. Jiko lilikuwa limepona. Lakini mkuu hakutabasamu. Alimgeukia mume wangu, aliyekuwa mlangoni akisubiri kupakia majivu kwenye mkokoteni wake.

"Kumbe mmoja unatosha na kubaki. Basi ile miwili ya kila siku ilikuwa ya nini? Umetukatia msitu wa chemchemi ili utuuzie kuni zisizohitajika. Kuanzia leo usikanyage hapa. Na jina lako nitalipeleka kunakohusika."

Mume wangu hakujua kilichotokea kwenye sufuria. Alisimama tu na kofia yake mkononi, akajitazama miguu, maana miti kweli aliikata. Nilimtazama wifi. Naapa, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile aliponyamaza. Alikuwa na jiko lake, alikuwa na jina lake, na kilichotakiwa ni kufunga mdomo tu, kazi ambayo yeyote kati yetu angeiweza. Nikaanza kufungua wangu.

Akanitangulia. Alikuja na upawa uliojaa kutoka sufuria ya walimu, akaumimina kwenye sahani ya mkuu.

"Onja."

Mkuu akaonja. Jino lake lililia, akashika shavu.

"Hayo yamekula kuni tangu alfajiri, zaidi ya sufuria hizo mbili pamoja," wifi alisema. "Yana nyanya. Hayo uliyokula hayana. Nyanya ikiwahi, maharage hayaivi. Nimezitia mapema kwa miaka ishirini na miwili, mkuu, na kila aliyetaka kuniuliza nilimfunga mdomo. Ndugu yangu alileta nilichoagiza. Mikokoteni mitatu niliagiza mimi. Ukitaka jina la kupeleka, peleka langu."

Nje bomba lilitema hewa. Mkuu alilitoa lile harage mdomoni, akalitazama kiganjani muda mrefu.

"Na Jumatatu utapika vipi?" akauliza.

"Nyanya mwisho. Mkokoteni mmoja."

"Yatakuwa na ladha ile?"

"Hapana," wifi akasema. "Ile haitarudi."

Mkuu akaweka sahani mezani. "Saa saba Jumatatu, basi," akasema. Akapita mbele ya mume wangu, akasimama, akampa mkono, akatoka. Mpishi wa kabichi alianza kulia, nami nikamsaidia.

Jioni ile wifi alisema anataka kwenda juu. Hakuwahi kupanda kule hata siku moja; kuni zilimfuata jikoni. Tulikwenda watatu. Maji ya chemchemi yalikuwa yanatoka membamba kati ya mawe, na kuzunguka pale pote palikuwa wazi, jua linapiga udongo moja kwa moja. Alipita kwenye visiki kimoja baada ya kingine, polepole. Kwenye kile kikubwa kuliko vyote, hatua chache kutoka kwenye maji, alisimama.

"Huu uliukata lini?"

"Mwaka jana," mume wangu alisema. "Kabla ya mahafali."

"Ulitupikia siku ngapi?"

"Siku nne, dada. Na matawi yake tuliyachomea hapa hapa, maana ulisema hutaki vijiti, vinawaka na kuisha."

Wifi aliinama akaweka kiganja juu ya kisiki, akakiacha hapo.

"Nisameheni," akasema. "Hayo matawi peke yake yangetutosha."

Na ilikuwa kweli.