Kaseti Mbili na Mwanamke wa Dirishani

Mimi ni mama mtu mzima, nina miwani ya kusomea na magoti yanayolalamika, na nacheza gemu. Kama unataka kucheka, cheka kabisa, ukimaliza tuendelee. Majirani zangu hapa Buswelu walishacheka wakachoka. Na sizungumzii gemu za kwenye simu, zile za kupanga pipi za rangi. Nazungumzia gemu ya zamani, mashine ya kijivu inayochomekwa kaseti kwa juu, kwenye tivii ya chogo ambayo fundi wa mtaani kwetu akiiona anatikisa kichwa kama amepita msibani.

Na sichezi ili nishinde. Ndani ya gemu ile kuna mwanamke anakaa dirishani, kwenye nyumba nyeupe kando ya maji, na mimi nilitaka kujua anasema nini. Basi, ni hilo tu. Mume wangu aliahidi kuniambia, akafa hajaniambia.

Mume wangu alikuwa fundi wa viti vya magari. Banda lake lilikuwa Kirumba, jirani kabisa na soko la samaki la Mwaloni, kiasi kwamba kiti kikikaa pale siku mbili kinarudi kwa mwenyewe kinanuka dagaa. Wateja walilalamika, yeye anawaambia wafungue vioo. Magari mengi yaliyokuja kwake yalikuwa ya mtumba kutoka Japani, na ukikivua kiti cha gari la namna hiyo unakuta maisha ya watu chini yake: vibanio vya nywele, tiketi, sarafu zenye tundu katikati, soksi moja ya mtoto. Vyote alimwonyesha mwenye gari kwanza. Wenye magari walichukua sarafu, takataka wakamwachia yeye. Ndivyo tulivyopata ile kaseti. Ilikuwa imelala ubavu chini ya kiti cha nyuma, ina picha ya kijana aliyefunga kitambaa cha njano kichwani, na maandishi ambayo kwetu sisi yalikuwa mistari tu.

Mashine tulikuwa nayo tayari. Tuliinunua kwa wageni waliokuwa wanahama mji, ikiwa na kaseti moja ya mpira wa miguu, ambayo nilikuwa namfunga mume wangu mpaka ananuna. Tukaichomeka ile ya Japani kwa furaha zote. Tivii ikawa nyeusi. Tukapuliza, maana kila aliyewahi kushika kaseti anajua kupuliza. Tukapangusa kwa spiriti. Nyeusi vilevile. Kumbe mashine zile zilitengenezwa kwa roho mbaya: ya Ulaya kama yetu haiipokei kaseti ya Japani. Ndani ya kila kaseti kuna kichipu kinachojitambulisha kimetoka wapi, na mashine ikisikia si wa kwao, inafunga mlango.

Dawa yake ipo, nayo ni kaseti nyingine ya kuongezea. Yenyewe haina gemu, ni ya kubebea wenzake. Unaichomeka kwenye mashine, halafu ina sehemu mbili za kupokea kaseti: mbele unaweka ya kigeni, nyuma unaweka yoyote ambayo mashine inaijua. Mashine ikiuliza hodi ya nani, ya nyuma ndiyo inayojibu, na ya kigeni inapita. Ya nyuma haichezwi hata kidogo. Inakaa pale kama mdhamini.

Aliyetuagizia ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Anakaa Magu, anauza vitambaa, na vitambaa vyake anaviagiza China mwenyewe kwa simu. Kidude kilifika kimeviringishwa ndani ya mapazia. "Kaka," alisema, "wenzako wanaagiza mashine za kukoboa mpunga, wewe unaniagiza hiki kikopo?"

Siku hiyo tulikosea. Mume wangu aliweka ile ya Japani mbele na nyuma akapaacha wazi. Alikataa katakata kuweka ya mpira, eti zikiwa mbili zitachanganyika, kijana wa kitambaa atajikuta yuko golini. Tivii nyeusi. Akapiga paja: "Wameshatupiga hawa! Mpigie dada yako akirudishe." Huyo alikuwa dada yake yeye, lakini akikasirika ndugu zake wote wanakuwa wangu. Nikachukua kaseti ya mpira, nikaichomeka nyuma bila kumwuliza. Muziki ukalia. Kijana wa kitambaa akatokea amesimama mbele ya kisima, na bibi mmoja amejiinamia pembeni. Nikabonyeza. Sanduku la maneno likafunguka, limejaa ile mistari.

"Haya," nikamwambia kwa utani, "bibi anasemaje?"

Mume wangu alikuwa hajui Kijapani hata cha kuombea maji. Lakini alikohoa kidogo, alikuwa na tabia hiyo kabla ya kusema jambo, akasoma kwa sauti ya kuvuta: "Kalibu mwanangu. Umekula? Hujala. Naona kwa shingo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nashika pedi ya kuchezea, yeye anasoma. Mlinzi wa daraja alikuwa mkali: "Rudi huko! Hapa ni kwa baba yako? Hapa ni kwangu!" Mwenye duka alikuwa mnyenyekevu wa uongo: "Mimi simlazimishi mtu, lakini ukitoka bila kununua nitakukumbuka." Kila mtu na sauti yake, na hakuwahi kuzichanganya. Bibi wa kisimani hakuacha kuuliza habari za kula hata tulipomrudia baada ya kupita nchi nzima.

Mimi hilo halikunishangaza sana, kwa sababu alishanifanyia kabla. Mimi ni Mjita, wa kando ya ziwa upande wa Mara. Siku aliyonipeleka kwao Magu sikujua Kisukuma zaidi ya salamu ya mwangaluka, naye alikaa nyuma yangu kwenye mkeka akinitafsiria. Shangazi yake alinikagua juu mpaka chini, akasema maneno marefu. Mume wangu akaninong'oneza, "Anasema umependeza." Miaka imepita, Kisukuma kimeniingia, ndipo nikajua yule mama alisema hawa walaji wa samaki wana nini mwilini cha kumbeba mtoto. Nilimkabili mume wangu palepale bandani kwake, mbele ya wateja. Akasema, "Mimi nilitafsiri alichotakiwa kusema." Utamfanyaje mtu kama huyo?

Tatizo lilikuwa yule wa dirishani. Nyumba yake iko njiani, kila safari lazima uipite. Nabonyeza, maneno yanajaa, mume wangu anakohoa, anayatazama kwa makini kama daktari anayetazama picha ya mfupa, halafu anasema: "Huyu bado. Nitakuambia tukimaliza."

Nilikuwa nakasirika kweli. "Bado nini? Si ameshaongea? Mbona wote unawajua, huyu tu ndiye humjui?"

"Tukimaliza, mke wangu."

Hatukumaliza. Kile kikohozi chake cha utani kikakua, kikaacha kuwa cha utani. Hospitali alikwenda akarudi, akaenda tena hakurudi. Tulimzika Magu, karibu na mama yake, ambaye mimi sikumkuta hai. Kwenye gemu tulikuwa tumebakiza mlima mmoja.

Ukifiwa, siku za mwanzo watu wanakuja mpaka viti havitoshi. Halafu viti vinarudi vilikokodiwa. Wifi alikaa nami wiki kadhaa, akapika, akafua, akarudi kwenye biashara yake, simu zikawa za sikukuu. Sikumlaumu. Nilijiambia kwamba kwa watu wale mimi niliingia kwa sababu kuna mtu alikaa nyuma yangu, na mtu huyo hayupo. Mtoto Mungu hakutupa. Nilikuwa nakunywa chai kwenye kikombe changu na cha kwake kinaniangalia kabatini.

Nilipowasha tena gemu ndipo nilipoumia hasa. Nilibonyeza kwa bibi wa kisimani, maneno yakajaa, nikasubiri. Nilisikia friji inaunguruma. Nikabonyeza kwa mlinzi, kimya. Kwa mwenye duka, kimya. Nilimsemesha marehemu kwa hasira, nikamwambia, "Umeniachia nchi nzima ya mabubu." Hata hivyo niliendelea kucheza, jioni baada ya jioni, nakwenda tu na kurudi kati ya kisima na nyumba nyeupe, na mlima sikuugusa. Kikubwa nilichoogopa ni kusahau. Yule mlinzi alianza na "rudi huko" au na "baba yako"? Wa kumwuliza hakuwepo. Dunia nzima tulikuwa wawili tunaoijua hadithi ile, na mimi niliyebaki nilikuwa naanza kuipoteza.

Halafu Jumapili moja mchana, nimetoka kanisani hata gauni sijabadilisha, mlango ukagongwa. Wifi, na mchele wa Magu kwenye mfuko. "Wifi yangu, umekonda," alisema, nami nikamwambia yeye amenenepa kwa niaba yetu wote. Tulikunywa chai. Akaiona mashine imewaka.

"Haa! Bado unacheza hilo dude langu?"

Nikamweleza habari za yule wa dirishani. Sijui kwa nini, sikuwahi kumweleza mtu. Wifi akachomoa simu kwenye mkoba kabla sijamaliza. "Sasa shida iko wapi? Mimi kila siku nasoma Kichina cha kwenye maboksi kwa hii. Unaielekeza kwenye maandishi, inakupa Kiswahili. Nionyeshe huyo mama yuko wapi."

Nilichokuwa nakitaka kwa miaka yote kilikuwa mkononi kwake, na nilitaka kukipiga teke. Nikasema, "Ngoja. Tuanze na mwingine." Nikampeleka kijana kisimani, nikabonyeza. Wifi akaelekeza simu kwenye tivii, akasoma taratibu: "Maji ya kisima hiki yanaponya vidonda."

"Mwongo!" nikamaka. "Simu yako ni mwongo! Huyo anasema, 'Kalibu mwanangu. Umekula? Hujala. Naona kwa shingo.'"

Nilisema kwa sauti yenyewe, ile ya kuvuta, jinsi alivyokuwa anaisema. Wifi alishusha simu mapajani.

"Umesemaje?"

Nikarudia.

"Wifi, huyo ni mama," alisema. "Huyo ni mama yetu kabisa. Alikuwa anatupokea hivyo tukitoka shule. Umemsikia wapi?"

Nikampeleka kijana darajani, nikamsemea mlinzi, na mpangilio wa maneno wenyewe ukanijia bila kutafutwa. Wifi akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Baba mdogo! Alikuwa anatufukuza kwenye majaruba yake ya mpunga hivyohivyo." Nikaenda kwa mwenye duka. Naye akamjua: mzee mmoja wa pale kwao aliyekuwa anauza sukari na mafuta ya taa. Akasema, "Wote hao wamekufa, wifi. Siku nyingi."

Kwa hiyo mama mkwe ambaye sikumkuta, nilikuwa nakaa naye sebuleni kwangu miaka yote, ananiuliza kama nimekula.

"Na huyo wa dirishani alimpa sauti ya nani?" wifi aliuliza.

"Hakumpa. Alisema ataniambia tukimaliza."

Wifi aliniangalia. "Basi alikuwa hajapata marehemu wa kumpa."

Tulikwenda mpaka nyumba nyeupe. Nikabonyeza. Wifi akaniuliza kwa macho, nami nikamwambia soma, liwalo na liwe. Akasoma: "Ukitaka kufungua begi lako, bonyeza kitufe cha juu."

Tulitazamana. Halafu tulicheka, jamani, tulicheka mpaka wifi akamwaga chai kwenye kochi. Yule mwanamke, uso wake wa huzuni, dirisha lake, maji yake, kumbe miaka yote anatufundisha kufungua begi! Kicheko changu kikageuka kilio katikati ya njia, na wifi akanishika mabega mpaka kikaisha. Aliniambia Magu chumba kipo. Nilimwambia nimesikia. Aliondoka kabla jua halijazama, na mimi nikabaki na vikombe viwili vichafu, kitu ambacho nyumba yangu haikuwa imekiona muda mrefu.

Sikuviosha mara moja. Nilikaa chini mbele ya tivii, kwenye mkeka, upande wangu wa siku zote. Kaseti ya mpira ilikuwa palepale nyuma, inafanya kazi yake kimya. Nikabonyeza kitufe, na maneno ya begi yakajaa kwenye sanduku. Safari hii sikusubiri. Nilijua tayari ni nani wa kumpa yule mwanamke, maana marehemu wake alishapatikana. Nikakohoa kidogo.

"Huyu bado," nikasema, kwa sauti ya mume wangu. "Nitakuambia tukimaliza."