Keria ya Joash

Joash ndiye aliyeleta kijijini kwetu Kisegi baiskeli ya kwanza ya kubeba watu. Alikuwa amekaa Migori miaka kadhaa akipeleka abiria kutoka stendi hadi sokoni, na aliporudi nyumbani alirudi na baiskeli nyeusi, keria yake imefungwa mto wa sponji wenye kitambaa chekundu. Sisi tuliozoea miguu yetu tulimcheka. Tukasema, mtu mzima apakiwe kama gunia la mihogo? Haukupita muda tukawa tunagombania ule mto.

Mimi ni jirani yake, mama Cephas, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, na ulimi wangu watu wanaujua. Joash nilimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi, ila heshima yake ilizidi kiasi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawezi kumwita kwa jina. Basi Joash akimwona mama mkwe wake, Jedidah, anakuja njiani, alishuka na kuingiza baiskeli kichakani mpaka mama apite. Abiria naye alishuka, apende asipende. Siku moja abiria huyo nilikuwa mimi, na ile miba naikumbuka hadi leo.

Ikaja mvua ya El Nino, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Gari la kutupeleka Homa Bay, kwenye hospitali, likaacha kuja, maana daraja lilikuwa limebebwa na maji. Trekta lililojaribu kupita lilizama kwenye tope likaachwa hapo hapo. Mgonjwa alibaki na njia moja tu: ashuke hadi Sindo kwa miguu au kwa baiskeli, apande boti ya asubuhi hadi Mbita, avuke barabara ya tuta iliyokata ziwa, kisha apande nyingine upande wa pili hadi Homa Bay. Ukiikosa ya asubuhi, unakaa ufuoni mpaka mwenye boti nyingine ajisikie kuondoka.

Asubuhi moja Jedidah alitoka kuwafungulia kuku akakanyaga kifutu, naye nyoka akamuuma mguuni. Nilipofika kwake na binti yake Risper, mke wa Joash, mguu ulikuwa umeanza kuvimba, na mtu alikuwa ameshaufunga kwa kitambaa juu ya goti, akakikaza kweli kweli. Wanaume wenye nguvu za kubeba machela walikuwa bado ziwani. Joash alikuja mbio na baiskeli, akasimama nje ya ua akiwa ametugeuzia mgongo.

"Mwambie mama apande," alimwambia Risper.

"Mama, panda."

"Nishike kiuno ya bwana ya mtoto wangu?" Jedidah alisema. "Afadhali nikufe hapa kwangu. Tafuteni mtu ingine."

"Yawa, mama! Hakuna mtu ingine!"

Na kweli hakuwepo. Kubeba mtu kwenye tope lile haikuwa kazi ya yeyote tu. Lakini tulibembeleza, tukaomba, wazee wawili wakaitwa, nao wakakaa kushauriana kama vile nyoka alikuwa amewapa likizo. Jua likapanda. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Jedidah, huyo Mungu unaimbia kila Jumapili, atakuuliza habari ya kiuno ya Joash?"

Alinigeuzia kisogo tu.

Mwishowe Filister, mama mmoja wa kanisa, akapata njia. Jedidah akae akitazama nyuma, mgongo kwa mgongo na Joash, na katikati liwekwe gunia la nyasi kavu. Hapo akakubali. Tukamfunga kwenye keria kwa leso, wakaondoka, Risper akikimbia kando yao kupeleka maneno.

"Muulize kama anaumia," Joash alisema.

"Mama, unaumia?"

"Mwambie aendeshe tu."

Watu wawili kwenye baiskeli moja, wakisemeshana kupitia wa tatu! Ningekuwa na fimbo ningewachapa wote.

Yaliyofuata alinieleza Joash mwenyewe. Kwenye mteremko Risper aliteleza akaachwa nyuma, wakabaki wawili bila mtu wa kuwasemea. Joash akaanza kusikia kichwa cha mama kikigonga mgongo wake kupitia gunia. Hakujua ni mashimo ya barabara au mama amezirai. Kugeuka hakuweza, kuuliza hakuweza, na kwa kuogopa asije akamwangusha akawa anaenda polepole. Alikwenda hivyo hadi kwenye kijito. Pale hofu ikamshinda, akasimama, akamwita kwa jina ambalo mdomo wake haukuwahi kulitaja.

"Jedidah! Jedidah!"

Mama alifumbua macho. "Twende," akasema. Hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia mkwe wake.

Walipofika Sindo boti ilikuwa imeshatoka, ikionekana ndogo huko ziwani. Joash alivua shati akalipunga, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Waliketi pale ufuoni mpaka mchana wakingoja boti nyingine, Risper akawafikia hapo, naye mama mguu wake ukiwa umegeuka rangi. Kule hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyeufunga hivyo mpaka damu ikakosa kupita, na kwa nini wamechelewa. Madaktari waliukata mguu juu ya goti.

Siku Jedidah aliporudi nilikuwa Sindo nimefuata omena. Joash alikuwa amemngoja tangu asubuhi, amesafisha baiskeli, na gunia jipya la nyasi amelifunga tayari kwenye keria. Jedidah alishushwa botini na Risper, akajiegemeza kwenye magongo, akalitazama lile gunia kwa muda. Kisha akamtazama Joash usoni.

"Toa hiyo," akasema.

Joash akalifungua akaliweka kando. Tukampandisha mama, akakaa kama abiria wote wanavyokaa, akamshika kiuno kwa mikono miwili mbele ya wavuvi na wachuuzi wote. Hakuna aliyecheka. Joash alikuwa analia waziwazi, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimtupie nani. Waliondoka kupanda mlima, na gauni la Jedidah likawa linapeperuka upande mmoja, ndani hamna mguu.