Pacha Mwepesi na Karai Langu la Dhahabu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliporudi nyumbani Ngokolo kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu nikiwa na viatu vya ngozi miguuni, nikitembea polepole ili kila mtu avione. Mimi darasa nililijua kwa kuchungulia dirishani. Lakini wakati wenye kalamu wanazunguka kutafuta kazi, mimi nilikuwa naosha mchanga wangu mwenyewe kwa karai langu mwenyewe, na leo duka unaliona. Sijisifu. Nasema lililopo.

Siku hiyo nilimkuta mke wangu, Milembe, amelala ubavu juu ya ngozi ya ng'ombe, tumbo limepanda kama kichuguu. Bibi yake, Minza, mkunga wa pale kwetu, alikuwa amemwekea mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, bwana wangu." Kwetu bibi wa mkeo hukutania hivyo, wewe ni mume wake pia. Ila siku ile hakucheka. "Wako wawili humu. Wa kulia ni ndama. Wa kushoto namtafuta kwa vidole. Mwezi uliopita walikuwa wanalingana, sasa mwenzake anakua, yeye amesimama."

Mtu akiogopa, mwanangu, mdomo hutangulia akili. Nikasema, Milembe ananisikia: "Basi tushukuru huyo mkubwa. Kwenye karai kizito hubaki, chepesi huenda na maji. Huyo mzito ndiye Kulwa wangu."

Unajua mwenyewe, Kulwa ni pacha anayetangulia kutoka, Doto humfuata, na kwetu hakuna anayegawa majina hayo watoto wakiwa bado tumboni. Mimi niligawa. Milembe akageukia ukutani.

Bibi Minza akafuta mikono yake, bila haraka. "Wewe mchimba mashimo, nani kakwambia tumbo la mjukuu wangu ni karai? Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe unamtukana hata mtoto."

"Nitachinja dume, bibi. Milembe ale nyama na maziwa, huyo mdogo ashibe."

"Ale, ni haki yake, na jembe aliweke chini. Lakini tonge la mama halichagui mtoto. Kila mmoja ana kitovu chake na kondo lake la nyuma. Huyu kaangukia udongo mweusi wa mbugani, mwenzake kaangukia mchanga mtupu. Mkulima mwenye akili huung'oa mche wa mchangani?"

"Hang'oi."

"Basi funga ng'ombe kwenye mkokoteni. Mikono yangu imefika mwisho. Kule zahanati ya misheni wana pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto. Na ulimi wako uuache hapahapa."

Tukaenda, bibi naye akapanda. Milembe akalazwa, mimi nikalala barazani na wenye ndugu wagonjwa. Hapo ndipo nilipojua maana ya kungoja. Huyu ananiambia mkubwa anamla mwenzake tumboni, yule ananiambia nitafute aliyeniroga kwa wivu wa mali. Nami, kwa kweli, wa kunionea wivu hawakukosekana. Lakini kila asubuhi nilisimama mlangoni muuguzi akiweka ile pembe ya mti tumboni. Upande wa kulia alikuwa hachelewi. Upande wa kushoto alichelewa, na mimi nilikuwa nasoma uso wake, mimi nisiyejua kusoma.

Asubuhi moja akaihamisha pembe, akaihamisha tena, akafumba macho. Nimewahi kufukiwa na udongo shimoni hadi kifuani nisitoe sauti. Siku ile niliishika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili.

"Yupo," akasema mwishowe. "Moyo unakwenda kwa udhaifu, lakini yupo."

Uchungu ulikuja kabla ya mwezi wake kutimia, jua likiwa utosini. Nilisikia mtoto akilia kidogo, kama paka aliyefungiwa ghalani, kisha kimya. Bibi Minza akachungulia. "Kulwa wako huyu, bwana wangu. Wa kike. Yule mwepesi kampita ndama mlangoni."

Baadaye akatoka Doto, dume nene, analia kama mnunuzi aliyepunjwa kwenye mizani.

Kulwa hakuwa na nguvu ya kunyonya. Bibi alimfunga kifuani pake, ngozi kwa ngozi, na Milembe akamkamulia maziwa kijikoni, tone kwa tone. Haba na haba, mwanangu. Muuguzi alikataza asiogeshwe mpaka apate nguvu. Alipoturuhusu, nasi tumesharudi nyumbani, Milembe, ambaye tangu siku ya maneno yangu alikuwa hanipi zaidi ya salamu, akaniita.

"Baba Kulwa, lete karai lako."

Nikalileta. Akamimina maji ya vuguvugu, akamlaza mtoto ndani, na nafasi ikabaki. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi.

"Angalia vizuri," akasema. "Chepesi kimebaki."

Leo Doto ananipita kimo, lakini Kulwa akimwita huja mbio.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukiambiwa mkeo ana mapacha na mmoja amebaki nyuma, usimlaumu mama, si yeye aliyewagawia. Usitafute mchawi, utapoteza siku ambazo mtoto hana. Mpumzishe, mlishe, mpeleke akapimwe mapema na arudi kupimwa kila anapoitwa, kwani ya leo si ya kesho. Na yule mdogo usimseme vibaya mbele ya anayembeba. Wachimbaji wa Nyarugusu wamepata mengi katika makarai yao, ila nilichopata mimi katika langu hakuna aliyekipata.

Mungu akujalie mkunga asiyekuogopa. Wakiingia wawili tumboni mwa mkeo, watoke wawili, na usikie kilio cha wote.