Nilimpelekea samli mwalimu wa binti yangu, kumbe hakuna mwalimu

Wakuu, salaam aleikum.

Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki. Leo naandika kwa sababu moyo umekataa kutulia. Majina nimebadilisha na shule siitaji. Mengine yote ni vile yalivyotokea, na Mungu ananiona.

Mimi ni dalali wa mifugo hapa Garsen. Siku ya soko mtanikuta katikati ya ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie.

Nina binti, tumwite Dhahabo. Yuko Grade Six.

Mto ulipofurika mara ya mwisho, madarasa yaliingia maji na shule ikafungwa. Sisi tulikuwa kwenye mahema kule juu kando ya barabara. Mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Komora, akafungua group ya simu ili watoto wasikae bure. Anatuma kazi, mtoto anaandika kwenye daftari, mzazi anapiga picha anarudisha.

Alitusaidia sana yule mwalimu. Link ya group ikasambazwa kila mahali, kwenye group za ukoo, kwenye page za mtaa, ili kila mzazi aipate popote alipokimbilia.

Hakuna aliyejua kwamba tunaacha mlango wazi.

Maji yakarudi mtoni, shule ikafunguliwa, Mwalimu Komora akahamishwa kwenda shule ya mbali. Group ikabaki. Halafu namba ngeni ikaandika: "Hamjambo wazazi. Mimi ni Madam Lydia, nitaendeleza kazi ya Mwalimu Komora."

Kwenye profile kuna mama wa makamo, miwani, kitabu mkononi. Sisi wazazi tukaandika karibu Madam, karibu Madam, mpaka skrini ikajaa.

Alieleza kwamba yeye ni wa masomo ya kidijitali, anafundisha shule nyingi kwa simu, ndiyo maana watoto hawamuoni darasani. Siku hizi mambo ni hayo, nani angebisha?

Na wakuu, alikuwa mwalimu kweli! Anasahihisha sentensi moja moja. Anasifu. Mtoto akikosea hamkaripii. Dhahabo wangu, ambaye ilikuwa lazima umkimbize ndio ashike kitabu, akawa anasoma kwa sauti mlangoni bila kuambiwa. Nikafurahi mpaka nikamwachia ile simu yangu ya zamani moja kwa moja.

Jambo moja tu lilikuwa geni. Madam hakuwahi kutuma sauti wala kupokea simu. Alisema maiki imeharibika. Nikasema sawa, hata yangu huharibika.

Basi mama yangu alikuwa ametengeneza samli nzuri, nikaona nimpelekee huyu mwalimu shukrani. Nikaenda shuleni kuiacha ofisini, wao wamfikishie.

Nikamwambia mwalimu mkuu, "Nimeleta samli ya Madam Lydia."

"Madam nani?"

"Lydia. Yule wa masomo ya simu."

Akacheka kidogo. "Baba Dhahabo, masomo ya kidijitali hapa ni zile tablet ziko kabatini, na ufunguo ninao mimi."

Nikamwonyesha group. Kile kicheko kikaisha usoni mwake hapo hapo. Akampigia Mwalimu Komora, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Mwalimu mkuu, si mlimtuma nyinyi?" Komora akasema. "Aliniandikia kwamba ametoka ofisi ya elimu, nimfanye admin kabla sijatoka. Nikamfanya."

Wakuu, hebu fikirini. Watoto wa darasa zima wamekuwa mikononi mwa mtu huyo muhula mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona wala kumsikia.

Mwalimu mkuu akafunga ofisi, tukaenda nyumbani kwangu pamoja. Dhahabo alikuwa bado darasani. Mama yake akatoa simu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na changu ni cha kuokoteza, kwa hivyo mwalimu mkuu ndiye aliyetusomea.

Kumbe mbali na group kulikuwa na mazungumzo ya pembeni, Madam na Dhahabo peke yao.

Mwanzo ni insha tu na hongera. Kisha, nitumie picha ukiwa na sare, ya kuweka kwenye cheti. Kisha, nitumie nyingine ukiwa na nguo za nyumbani. Kisha, baba anatoka saa ngapi kwenda soko? Nyumbani hubaki nani?

Mwalimu mkuu alikuwa akisoma polepole. Alipofika ujumbe wa mwisho akavua miwani, akaiweka simu chini.

"Soma," mke wangu akamwambia.

Akasoma. Dhahabo amechaguliwa pamoja na wenzake watatu, wasichana wote, kwenda shindano la kusoma Malindi. Jumamosi asubuhi wafike steji ya mabasi, sare iwe ndani ya mkoba, wasiivae. Madam atawapokea mwenyewe. Wazazi wasiambiwe, itakuwa surprise.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilinyakua simu niipige ukutani. Mke wangu akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Ukiivunja, polisi utawapelekea nini?"

Hajaenda shule hata siku moja, lakini hilo aliliona kabla yangu na kabla ya mwalimu mkuu.

Dhahabo alirudi akatukuta tumekaa hivyo. Hakukana chochote. Mama yake alimuuliza taratibu kwa nini hakutuambia.

"Madam alisema wasiochaguliwa watatuonea wivu."

Nikamweleza kwamba hakuna Madam, hakuna shindano, ni mtu mbaya. Nilitegemea ataogopa. Badala yake akauliza:

"Kwa hivyo insha yangu haikuwa nzuri?"

Wakuu, nimezika ndugu, nimeona mto ukibeba ndama wangu wote nikiwa nimesimama tu. Hakuna kilichoniumiza kama swali lile.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeniokoa. Akaomba daftari, akaisoma insha yote palepale, kalamu nyekundu mkononi. Akasahihisha mahali pawili. Kisha akamwambia, "Hii ni nzuri. Nakwambia mimi, na mimi unaniona." Hapo ndipo mtoto akalia.

Jioni hiyo tulienda polisi. Afisa wa kike wa dawati la watoto akatupokea vizuri, akasema tusifute chochote, tusimjibu, tusimshtue. Wao watapanga mambo ya Jumamosi.

Lakini ilibidi wale wazazi wengine watatu waambiwe. Baba Kadzo, fundi cherehani hapa sokoni, mtu mpole kuliko wote, alipoona picha ambazo binti yake alikuwa amemtumia Madam akashindwa kujizuia. Akaingia kwenye group akamtukana yule mtu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Dakika hiyo hiyo Madam Lydia akafuta ujumbe wake wote, akatoka, namba ikazimwa.

Jumamosi afisa alikaa steji na nguo za kiraia mpaka mabasi ya mchana yakaondoka. Hakuna aliyekuja.

Simlaumu Baba Kadzo. Ningekuwa mimi bila mke wangu kunishika, ningefanya mabaya zaidi. Lakini mjue, hasira yetu ndiyo iliyompa nafasi ya kutoroka. Simu ya Dhahabo ndiyo pekee iliyobaki na mazungumzo yote, kwa kuwa polisi walikuwa wameshaichukua na kuizima kabla hajafuta.

Shule sasa imefungua group mpya. Mwalimu akiingia, mwalimu mkuu anamtambulisha uso kwa uso siku ya mkutano wa wazazi. Watoto wamefundishwa kwamba mtu mzima akikwambia usimwambie mama, hilo ndilo la kumwambia mama kwanza. Dhahabo anaendelea vizuri, ingawa simu haitaki tena, hata ukimpa.

Nilidhani yameishia hapo. Jana afisa amenipigia.

Shule nyingine, mbali na hapa, juu upande wa Hola, wamemgundua kwenye group yao. Kule hakuwa Madam Lydia. Kule ni Sir, kijana mwenye tai, wa masomo ya kidijitali, na alikuwa ameshachagua wasichana wa kwenda shindano.

Ndiyo sababu nimeandika, wakuu. Kabla hujanijibu hapa, fungua group ya darasa la mtoto wako, pitia namba moja moja, na ile usiyoijua uso wake, kesho asubuhi nenda shuleni ukaulize. Ukirudi, tuambie ulichokikuta.